Mwana Anayetaka Kwenda Kugawa Misaada

Mzazi mmoja wa upande wa Ipinda, katika wilaya ya Kyela, ametuletea swali ambalo twaona si lake peke yake. Mwanawe wa kiume, kijana wa miaka 24, amemaliza masomo ya hesabu na utunzaji wa ghala. Kazi ya mshahara hajapata. Sasa amepata mwaliko wa chama kimoja cha misaada cha kimataifa, kinachokusanya nguo, mablanketi, vyombo na chakula kwa watu wa nchi zilizoshiba, na kuvigawa kwa waliopatwa na vita, njaa au mafuriko. Atakaa nao miaka miwili. Atafanya kazi tangu asubuhi hata jioni, siku sita za juma, wala hatalipwa kitu ila chakula, kitanda na posho ya sabuni. Baba ana ekari mbili za mpunga, ana mikakao iliyokwisha kuanza kuzaa, na ana mke mwenye ugonjwa wa miguu. Anaandika hivi: "Nilimsomesha ili ainue nyumba hii. Naye ataka kwenda kuinua nyumba za watu asiowajua. Je, nikimkataza natenda dhambi? Na nikimruhusu, je, simdhulumu mama yake?"

Barua hii imekaa mezani petu majuma matatu. Si kwamba tulikosa maneno. Maneno ya kujibu upesi yapo mengi, nayo ni ya namna mbili. Wako watakaosema: mwache aende, maana kumtumikia maskini ni kumtumikia Kristo, na anayemzuia mtu kama huyo amzuia Kristo mwenyewe. Wako watakaosema: mapendo huanza nyumbani, na mtoto aliyeacha wazazi wake katika shida aende kuwalisha wageni ni mtoto mpumbavu. Namna zote mbili zatoka vinywani mwa watu ambao hawatalima lile shamba la mpunga, wala hawatalala katika lile hema la misaada. Twaomba wasomaji wetu, hasa akina baba na akina mama wenye watoto wakubwa, waende pamoja nasi polepole.

Kwanza yafaa tukumbuke swali hili limetoka wapi. Kyela si nchi ya njaa. Mchele wake unatafutwa Mbeya hata Dar es Salaam, na mfanyabiashara mjanja huchanganya mchele wa kwingine akauita wa Kyela. Ina kakao, ina ndizi, ina mawese, ina samaki wa ziwa. Walakini nchi hiyo imelala chini kama sahani, kati ya milima ya Rungwe na milima ya Livingstone, na mito yote inaiteremkia: Songwe, Kiwira, Mbaka, Lufilyo. Masika ya ziwani huko si ya mchezo. Mvua za Aprili na Mei zikizidi, maji huingia mashambani, kisha majumbani. Mtu aliyevuna magunia mwaka jana aweza mwaka huu kusimama katika mstari akingoja kilo tano za unga. Basi mtu wa Kyela ajua pande zote mbili za mkono, upande wa kutoa na upande wa kupokea, wala hana sababu ya kusema misaada ni habari ya watu wengine.

Mwandishi wa maneno haya aliwahi kuziona pande hizo kwa karibu. Mwaka mmoja wa mvua nyingi niliingizwa katika kamati ya kugawa misaada katika bonde la Songwe. Nilikuwa na kazi yangu nyingine. Kamati ile tuliifanya jioni na siku za Jumamosi. Marobota yalikuja kwa lori kutoka kwa chama kimoja cha mbali. Tulipolifungua la kwanza tulikuta makoti mazito ya sufu, yale yanayovaliwa penye theluji. Kyela! Mahali ambapo mtu hutoka jasho ameketi kivulini. Katika robota la pili mlikuwa na viatu, vingi vya mguu mmoja tu. Tulitazamana. Lakini akina mama waliokuwa wakingoja hawakutucheka. Walipokea kwa mikono miwili, wakakunja magoti kidogo kama ilivyo desturi yao, wakasema "Ndaga fijo," yaani asante sana. Kama wangetutukana ingekuwa nafuu kwangu. Baadaye nilipita katika nyumba moja nikaona koti limepasuliwa mishono, limekuwa tandiko la mtoto mchanga. Nikashukuru kwamba akili ya mpokeaji ilizidi akili ya mtoaji.

Lakini hilo la makoti ni dogo. Kuna jambo jingine. Mto Songwe ndio mpaka wetu na Malawi, nao una tabia ya kuhama. Maji makubwa yakipita hukata njia mpya, na shamba lililolala upande huu asubuhi huamka upande ule. Serikali za nchi mbili zimekwisha kukaa mara nyingi juu ya jambo hilo. Mwaka ule kulikuwa na bibi mmoja mjane ambaye nyumba yake mto uliizunguka, ikabaki ng'ambo. Alivuka kwa mtumbwi akaja kwenye mgawo. Kijana aliyeshika orodha akatafuta jina lake asilione, maana aliyeandika orodha ya kitongoji aliona nyumba yake iko ng'ambo, akamruka. Na orodha ya upande wa pili haikumjua, kwa kuwa siku zote alikuwa mtu wa huku. Bibi akaniuliza: "Mwanangu, basi mimi ni wa wapi?" Nilimwambia angoje mpaka tukimaliza waliomo orodhani. Tulipomaliza, mablanketi yalikuwa yamekwisha. Aliondoka bila kitu, nami nikatia sahihi karatasi iliyosema kwamba ugawaji ulikwenda vema. Juma lililofuata nilimpelekea blanketi langu mwenyewe, nikaambiwa amekwenda kukaa kwa binti yake Karonga.

Sikumnyima kwa sababu ya ubaya. Nilimnyima kwa sababu ya uchovu, na kwa sababu kazi ile sikuijua. Hapa ndipo panapotusaidia kulijibu swali la yule mzazi, maana wengi hudhani kugawa misaada ni jambo la moyo mwema tu, ambalo yeyote aweza kulifanya akipata nafasi. Sivyo. Ni kazi, tena kazi ngumu. Mgawaji lazima ajue nani ameandikwa mara mbili na nani hakuandikwa kabisa. Ajue mzee asiyeweza kusimama katika mstari anakaa wapi. Ajue mwenye kitongoji anampendelea nani. Ahesabu alichopokea na alichotoa hata hesabu zikutane. Aseme "hapana" kwa mkubwa anayetaka gunia la ziada, na aseme "ngoja" kwa mwenye njaa bila kumvunjia heshima. Mtu wa jioni na Jumamosi hayawezi yote hayo.

Kanisa lilijifunza hayo mapema sana. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya sita, chaeleza kwamba katika ile jumuiya ya kwanza ya Yerusalemu palitokea manung'uniko. Wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Tazameni: watu wale walikuwa wameuza mali zao wakaziweka miguuni pa Mitume, na bado wajane wakasahauliwa. Nia njema ilikuwapo, mali ilikuwapo, na haki ikakosekana. Mitume hawakuhubiri juu ya ukarimu siku ile. Walitaka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema na wenye hekima, wapewe kazi hiyo iwe yao, nao wenyewe wakabaki na sala na kuhubiri. Na majina ya wale saba ni ya Kigiriki. Yaonyesha kwamba walichaguliwa watu ambao wajane wale wangeweza kusema nao kwa lugha yao.

Mtume Paulo naye, alipowachangishia maskini wa Yerusalemu katika makanisa ya Makedonia na Akaya, hakubeba fedha ile peke yake. Katika barua yake ya pili kwa Wakorintho aeleza kwamba aliwatuma ndugu waliojulikana na makanisa waisindikize, ili mtu asipate la kumlaumu. Mtume mwenyewe alitaka mashahidi! Na siku hizi mtu aliyeshika funguo za ghala akiulizwa hesabu hukasirika, akasema hatuamini moyo wake.

Kwa hiyo twasema jambo ambalo huenda litamshangaza yule kijana. Anayegawa misaada hatoi sadaka. Sadaka imekwisha kutolewa na mwingine: bibi kizee fulani aliyefungua kabati lake huko Ulaya, au mfanyakazi aliyekatwa kidogo katika mshahara. Na mpokeaji naye ana haki juu ya kitu kile tangu kilipotolewa kwa ajili yake. Mgawaji amesimama katikati, ameshika mali isiyo yake. Fadhila ya kwanza atakayodaiwa ni haki, na huruma itafuata. Akichelewesha, amechelewesha deni. Akimpa mtu kwa dharau, ametia dharau ambayo mtoaji hakuiagiza. Alicho nacho cha kutoa kwa hakika, kilicho chake mwenyewe, ni siku zake. Na siku za kijana wa miaka 24 si kitu kidogo. Baba yake alipoandika barua ile aliijua thamani yake kuliko sisi.

Walakini, je, kazi yenyewe ina faida? Yapasa kuuliza, maana mtu asitoe miaka yake miwili kwa jambo lenye madhara. Na misaada yaweza kudhuru. Desemba 2004, mawimbi makubwa ya bahari yalipoua watu kwa maelfu katika pwani za Asia, dunia nzima ilituma nguo. Katika jimbo la Tamil Nadu, kule India, marundo ya nguo kuukuu yalitupwa kando ya barabara. Wavuvi waliofiwa hawakuzitaka, ng'ombe wakazikanyaga. Nasi hapa twazijua nguo za Ulaya tangu zamani. Wazee waliziita kafa Ulaya. Leo twaita mitumba, na ndugu zetu wa Malawi wasema kaunjika, yaani vitu vya kurundikwa. Nyingi ya nguo hizo zilianza safari kama sadaka. Mtu alizitoa bure, chama kikaziuza kwa uzito kwa mfanyabiashara, naye akazifunga robota, na mwisho wake zikatandazwa chini kwenye mnada wa Kyela. Hatusemi ni wizi, ikiwa fedha imekwenda kwa maskini. Lakini twaona ni haki mtoaji aambiwe. Na viwanda vyetu vya nguo vilivyojengwa baada ya Uhuru havikuuawa na mitumba peke yake, ila mitumba haikuvisaidia. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki ziliazimia kuipunguza hadi kuikomesha. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya biashara, na isipokuwa Rwanda, wote wakarudi nyuma. Kumbe hata shati kuukuu lina siasa yake.

La Ngara ni zito zaidi. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wa Rwanda wapatao 200,000 walivuka daraja la Rusumo katika siku moja au mbili wakaingia nchini mwetu. Watu wa Ngara waliwapokea, na vyama vya misaada vikaja, vya kikatoliki na vya wengine. Chakula kiligawanywa kule Benaco kwa orodha za wakubwa wa wilaya zao walizotoka. Jambo hilo lilionekana la akili, maana wao ndio waliojua watu wao. Lakini baadhi ya wakubwa hao ndio walioongoza mauaji. Waliandika watu wasiokuwapo, wakachukua chakula cha ziada, wakawatawala wakimbizi kwa sahani ya maharagwe. Wafanyakazi wa misaada wakajikuta wanawalisha wauaji na mayatima katika mstari mmoja. Mwishoni mwa mwaka ule tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliamua kuondoka katika kambi hizo, za Zaire na za Tanzania. Wengine walibaki, wakisema mtoto mwenye njaa hana hatia ya baba yake. Waliobaki na walioondoka, wote walikuwa watu wenye dhamiri. Sisi hatuthubutu kuwahukumu. Twataja habari hii ili kijana ajue kwamba katika ghala la misaada atakutana na maswali ambayo hakuna padre aliyeyaandikia jibu katika katekisimu.

Sasa tumtazame mtu mmoja aliyefanya kile ambacho kijana wetu ataka kufanya. Mwaka 1992, Magnus MacFarlane-Barrow, mfuga samaki wa Dalmally katika milima ya Scotland, aliona habari za vita vya Bosnia. Yeye na ndugu yake waliomba ruhusa ya juma moja, wakakusanya mablanketi na chakula kwa majirani, wakajaza gari wakaenda kuvitoa Medjugorje. Walidhani wamemaliza. Waliporudi walikuta vitu vimeendelea kuletwa, banda la bati la wazazi wao limejaa. Basi akaacha kazi, akauza nyumba yake, akasema atafanya hivyo kwa mwaka mmoja, au mradi watu waendelee kuleta. Watu hawakukoma kuleta. Angalieni kwamba huyu naye alikuwa na wazazi. Lakini wao ndio waliompa banda.

Lakini lililotupendeza zaidi katika habari yake lilitokea baada ya miaka 10, tena hapa jirani. Mwaka 2002 njaa iliipiga Malawi. Alikwenda huko akafika katika kibanda cha mama aliyekuwa akifa, amezungukwa na watoto wake sita. Alimwuliza mkubwa wao, mvulana wa miaka 14, anatumaini nini katika maisha. Mtoto akajibu kwamba atamani kupata chakula cha kutosha na kwenda shule siku moja. Hakutaja nguo, wala kitu chochote cha namna iliyojaza lile banda. Ndipo ikaanza kazi inayoitwa Mary's Meals: uji shuleni, kila siku ya masomo, kwa watoto 200 kwanza, kule Blantyre. Leo wanaolishwa ni zaidi ya milioni 2 katika nchi nyingi, na Malawi pekee ina sehemu kubwa ya hao. Uji wenyewe, likuni phala, ni wa mahindi na soya zinazolimwa huko huko, na wapishi ni akina mama wa kijiji wanaojitolea kwa zamu, wanaoamka gizani kuwasha moto. Kwa hiyo mgeni aliyekuja na mablanketi aliishia kununua mahindi ya mkulima wa Malawi na kumwachia mama wa Malawi mwiko. Miaka 10 ya kubeba vitu vya watu ilimfundisha kusikiliza. Twadhani asingeyasikia maneno ya yule mtoto kama angekuwa amekuja kwa siku tatu kupiga picha.

Twarudi Kyela. Wanyakyusa wana neno ukwangala. Mwanamke mwenye elimu, Monica Wilson, aliyeishi kati yao pamoja na mumewe miaka ya 1930, aliandika kitabu juu ya maisha yao kilichotoka mwaka 1951, naye alilitia neno hilo katikati ya yote. Zamani vijana wa rika moja walijenga kijiji chao pamoja, wakalima, wakala na kunywa pamoja. Na kule kukaa pamoja kwa mazungumzo na chakula ndiko ukwangala. Mtu aliyekula peke yake alitiliwa shaka. Manung'uniko ya majirani waliotendewa ubaya yaliogopwa, ikaaminiwa kwamba yaweza kumletea mkosaji baridi na homa. Hayo ya homa twayaacha. Lakini katika ukwangala tunaona kipimo ambacho vyama vingi vya misaada havina. Mtu atakupa unga, lakini hataketi kula ugali wake pamoja nawe. Atakupa shati, lakini hangependa kukuona umekaa karibu naye kanisani ukiwa umelivaa. Mpokeaji asiyepata nafasi ya kumkaribisha mgawaji, hata kwa ndizi moja ya kuchoma, hubaki chini yake daima. Mwalimu Nyerere na chama chake waliliona jambo hili kwa upande wa mataifa, wakalitia katika Azimio la Arusha mwaka 1967: nchi inayotegemea zawadi na mikopo inauhatarisha uhuru wake. Watu wazima wanalikumbuka. Hapo kijana wa Kyela, akiwa mlezi wa ghala la misaada, ana jambo ambalo mwenzake wa Ulaya huenda hana. Amekwisha kusimama katika mstari. Ajua jinsi mama yake alivyokunja magoti akishukuru kwa koti la theluji.

Na wajibu wa wazazi? Hatutaki kuukwepa. Bwana wetu aliwakemea vikali watu waliosema mali yao ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie baba zao na mama zao. Mtafute sura ya saba ya Marko. Kuna Korbani ya kisasa pia. Yuko kijana anayekimbia jembe, anayekimbia mama mgonjwa, anayekimbia kuulizwa habari za kazi na ndoa, akajificha nyuma ya maskini wa mbali. Maskini wa mbali hana madai mengi: hakujui jina, na miaka miwili ikiisha unamwacha. Mama mwenye miguu mibovu anakujua vilivyo. Ikiwa mwana wa Ipinda ameitikia mwaliko kwa sababu hiyo, tutamwambia abaki.

Lakini baba naye aruhusu tumwulize. Ameandika, "Nilimsomesha ili ainue nyumba hii." Twaheshimu jasho lake. Walakini mtoto si gunia la mpunga lililowekwa darini kungoja bei ipande. Mwaka 1963, Jeshi la Kujenga Taifa lilipoanza, wazazi wengi waliwatoa vijana wao waende kufyeka misitu na kujenga barabara katika mikoa wasiyoijua, nao hawakusema nyumba zimeanguka. Na yako maswali ya kawaida ambayo barua haikuyajibu. Je, kijana ana ndugu? Shamba liko katika hali gani? Miguu ya mama yahitaji mtu wa kumbeba, au yahitaji nauli ya kwenda hospitali? Dhamiri hailishwi na maneno makubwa, yataka kujua mambo hayo madogo. Ndiyo maana hatukujibu katika gazeti kwanza. Tulimwandikia mzazi, tukamwomba aketi na mwanawe na mama yake, watatu, wala asiwaite wajomba mpaka wao wenyewe wamesikilizana. Tukamwomba pia kijana akiulize chama chake mambo matatu kwa maandishi: nani hukagua hesabu za ghala, watu wa mahali hapo wana sauti gani katika orodha, na mtu akiona udhalimu amwambie nani. Chama kinachoona haya kujibu hayo hakifai kupewa siku za mtoto wa mtu.

Jibu la pili la mzazi limefika juma lililopita. Chama kilijibu mawili kwa ukamilifu, na la tatu kwa maneno ya kuzungukazunguka. Kijana ameandika tena. Mdogo wake, aliyekuwa akiendesha bodaboda huko mjini Kyela, amekubali kusimamia mpunga kwa sharti kwamba mavuno ya mwaka wa kwanza nusu ni yake, na baba ameona ni haki. Mama amepelekwa Mbeya kutazamwa miguu. Kijana ndiye aliyemsindikiza, akalala naye hospitalini siku nne. Aliporudi alisema kwamba ataondoka baada ya mavuno, wala si kabla, na kwamba miaka miwili atakata uwe mmoja kwanza, kisha atarudi nyumbani kuulizana tena.

Baba anaandika kwamba bado moyo wake haujatulia, lakini ametoa ruhusa. Siku hizi mama anakaa uani akipepeta mchele, ule wa kwao wenye harufu, anatia kidogo kidogo katika mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe. Mwanawe alimwuliza kama ule nao ni wa kuwagawia wenye njaa huko aendako. Mama akamjibu kwamba wa kugawa atawakuta nao huko. Huu ni wa kupika jioni ya kwanza na kula pamoja na watu atakaowakuta.